Kafeini: Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinatufaa au vinatudhuru?

Msikilizaji, ukikaa kijiweni Masuguru, Segera au stendi ya Korogwe utasikia mengi kuhusu chai na kahawa. Wapo wanaosema kahawa inaharibu moyo. Wapo wanaosema chai inamaliza damu. Na wapo vijana wanaoamini kwamba chupa moja ya kinywaji cha kuongeza nguvu inatosha kumfikisha mtu Dar es Salaam usiku kucha bila kusinzia. Kitu kinachozungumzwa katika madai yote matatu ni kimoja, nacho kinaitwa kafeini.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kwa mtu mzima mwenye afya, vikombe vichache vya chai au kahawa kwa siku havina madhara, na huenda vikawa na faida. Lakini jibu linabadilika kutegemea nani anakunywa, anakunywa kiasi gani, saa ngapi, pamoja na chakula gani, na kikiwa na moto kiasi gani. Makala hii inaeleza jambo moja baada ya jingine.

Kafeini ni nini?

Kafeini ni kemikali inayotengenezwa na mimea yenyewe, hasa mchai, mbuni na mkakao. Kwa mmea, ni silaha ya kujikinga na wadudu wanaokula majani na mbegu zake. Kwa binadamu, ni kichangamshi cha ubongo. Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyeitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819, lakini watu walijua kazi yake zamani kabla ya hapo. Wahaya wa Kagera, kwa mfano, wamekuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na kumkaribisha mgeni kwa buni hizo, tangu kabla ya ukoloni.

Sisi wa Tanga tunaishi jirani na kafeini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, ni kati ya sehemu za kwanza nchini kupandwa chai. Leo mashamba ya chai yapo Amani, na kwa upande wa Korogwe yapo Ambangulu na Dindira. Majani ya chai tunayochemsha asubuhi yametoka kwenye milima ya aina hiyo hiyo tunayoiona tukiwa barabarani.

Iko kwenye vinywaji gani, na kwa kiasi gani?

Kafeini hupimwa kwa miligramu. Viwango hivi ni vya wastani, kwa sababu kiasi halisi hutegemea wingi wa majani au unga, na muda wa kuchemsha:

- Kikombe cha chai ya majani, ya rangi au ya maziwa: miligramu 30 hadi 50.
- Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji moto: karibu miligramu 60.
- Kikombe kikubwa cha kahawa iliyopikwa: karibu miligramu 95 au zaidi.
- Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu: kwa kawaida karibu miligramu 80.
- Soda ya kola ya mililita 330: karibu miligramu 35.
- Kidonge kimoja cha Panadol Extra: miligramu 65.

Angalia hicho cha mwisho. Dawa nyingine za maumivu huongezwa kafeini ili zifanye kazi vizuri zaidi. Anayemeza vidonge viwili amepata kafeini kama ya vikombe vitatu vya chai.

Kahawa chungu ya kwenye dele inauzwa kwa vikombe vidogo, kwa hiyo kikombe kimoja si kikubwa kitu. Lakini kwenye baraza mtu hanywi kimoja. Ukifika vitano au sita pamoja na kashata, hesabu imekuwa nyingine. Aina ya buni nayo ina maana: robusta, ambayo inalimwa zaidi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, inayolimwa Kilimanjaro na nyanda nyingine za juu.

Mchaichai na tangawizi havina kafeini kabisa. Ukichemsha mchaichai bila kuweka majani ya chai, umepata kinywaji ambacho hata mtoto anaweza kunywa usiku.

Inafanyaje kazi mwilini?

Kadiri tunavyokaa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini. Kemikali hiyo ina sehemu zake maalumu za kukaa kwenye ubongo, kama viti. Ikishakaa, mtu huanza kuhisi uchovu na usingizi. Kafeini inafanana nayo, hivyo huwahi kukaa kwenye viti hivyo. Uchovu upo pale pale, ila ubongo haupati taarifa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kafeini haitoi nguvu kama unavyotoa ugali. Wala hailipi deni la usingizi. Inachofanya ni kumfungia mdai mlango kwa muda, na muda ukiisha, mdai anaingia na deni lake lote.

Baada ya kunywa, kafeini hufika kileleni kwenye damu ndani ya dakika 30 hadi 60. Kwa mtu mzima, nusu yake huondoka mwilini baada ya saa 5 hivi. Hiyo ina maana kwamba kahawa uliyokunywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado ipo mwilini. Ndiyo sababu anayelalamika kukosa usingizi tunamshauri aache chai na kahawa kuanzia mchana, kabla hajaanza kutafuta dawa.

Kiasi gani hakina madhara?

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti nyingi na kusema kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya miligramu 200 kwa mara moja, bila wasiwasi. Miligramu 400 ni sawa na vikombe vikubwa vinne vya kahawa iliyopikwa, au vikombe vinane au zaidi vya chai.

Miili hailingani. Mmoja anakunywa vikombe vitatu na kulala fofofo, mwingine kikombe kimoja kinamtetemesha mikono. Dalili kwamba umezidisha ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, wasiwasi usio na sababu, tumbo kuvurugika, na kukosa usingizi. Ukiziona, punguza, hata kama uko chini ya kiwango hicho.

Faida ni zipi?

Kwanza, kafeini kweli inachangamsha. Inasaidia mtu kuwa makini na kufanya kazi kwa haraka zaidi, hasa akiwa amechoka.

Pili, mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha mapitio makubwa ya tafiti kuhusu kahawa. Yalionesha kwamba wanaokunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku wanapata kwa uchache magonjwa ya ini, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo kuliko wasiokunywa kabisa. Tafiti za aina hii zinaonesha kwamba mambo mawili yanaenda pamoja, hazithibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Kwa hiyo kama hunywi kahawa, huna haja ya kuanza kwa sababu hiyo. Na kama unakunywa kwa kiasi, huna haja ya kuogopa.

Tatu, kafeini ni dawa hospitalini. Watoto njiti wakati mwingine husahau kupumua, na kafeini maalumu hutumika kuuamsha ubongo wao uendelee kutoa amri ya kupumua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza kwa kazi hiyo. Lakini hiyo ni dawa inayopimwa kwa uzito wa mtoto na kutolewa na wataalamu. Kumpa mtoto mchanga chai nyumbani ni hatari, na hakufanani hata kidogo na tiba hiyo.

Je, ni kweli chai inamaliza damu?

Chai haimalizi damu. Lakini wazee waliosema hivyo waliona jambo la kweli, ila sababu si kafeini. Majani ya chai yana kemikali zinazokifanya kinywa kikakamae, ambazo huitwa tanini. Tanini hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, mchicha, kisamvu na nafaka, na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Bila madini ya chuma, mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya madini ya chuma ya chakula hicho. Kahawa nayo inazuia, ingawa kidogo kuliko chai.

Kwetu hili si jambo dogo. Utafiti wa Taifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na kwa watoto 58 kati ya kila 100 wa miezi 6 hadi 59. Malaria na minyoo vinachangia sana, na lishe inachangia. Familia inayokula nyama mara chache inategemea maharage na mboga kupata madini ya chuma. Chai ikiwekwa juu ya chakula hicho hicho, sehemu kubwa ya kile kidogo kilichopatikana inapotea.

Huna haja ya kuacha chai. Badilisha saa ya kuinywa. Kunywa kati ya mlo na mlo, angalau saa moja baada ya kula, na saa mbili ni bora zaidi. Kwenye chakula cha maharage au mboga, kula tunda lenye vitamini C kama chungwa, au kamulia limau, kwa sababu vitamini hiyo inasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Huku Segera, Michungwani na Muheza ni nchi ya machungwa. Tusiyauze yote kwa wasafiri, tubakize ya watoto.

Mjamzito na mama anayenyonyesha

Mwili wa mjamzito huondoa kafeini polepole sana, hasa miezi ya mwisho, na mtoto aliye tumboni hawezi kuiondoa mwenyewe. WHO inashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kuepuka hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mamlaka ya Ulaya imeweka kikomo cha chini zaidi, miligramu 200, kwa mjamzito na pia kwa anayenyonyesha. Kwa lugha ya jikoni, vikombe viwili au vitatu vya chai isiyo nzito kwa siku havivuki kikomo hicho. Vinywaji vya kuongeza nguvu aviache kabisa.

Jambo muhimu kuliko yote kwa mjamzito ni vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Vimezwe kwa maji, si kwa chai wala kahawa. Mama anayemeza kidonge kwa chai ya asubuhi kila siku anaweza kufikiri amejikinga, kumbe sehemu kubwa ya dawa inapita bure. Anaweza kufika siku ya kujifungua akiwa na damu pungufu, na damu ikitoka nyingi maisha yake yako hatarini.

Watoto

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe chai kabisa, wala ya rangi wala ya maziwa. Mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuondoa kafeini ambayo mtu mzima huiondoa kwa saa chache. Chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake.

Kwa watoto wakubwa, kiwango kilichowekwa Ulaya ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anafika kikomo kwa kikombe kimoja tu cha chai. Na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu linamaliza kikomo cha siku nzima cha mtoto wa shule ya msingi wa kilo 27. Mzazi unayemtuma mtoto dukani na kumwambia anunue anachopenda, lijue hilo.

Tatizo jingine ni kwamba chai ya rangi na andazi hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Uji wa lishe, maziwa au yai vinamfaa mtoto zaidi.

Madereva, bodaboda na vinywaji vya kuongeza nguvu

Barabara ya Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera hadi Korogwe na Mombo haisinzii. Malori na mabasi yanapita usiku na mchana, na bodaboda wanasubiri abiria mpaka usiku wa manane. Wengi wanategemea vinywaji vya kuongeza nguvu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kopo moja lina kafeini pungufu kidogo ya kikombe kikubwa cha kahawa. Kinachozidi zaidi ni sukari. Kopo la mililita 250 linaweza kuwa na gramu 27 za sukari, yaani kama vijiko vidogo 6 au 7. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na bora zaidi awe chini ya 25. Chupa nyingine ni kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo soma lebo.

Jambo la pili ni usingizi. Dereva ambaye hajalala anaweza kunywa makopo matatu na bado akasinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linasafiri zaidi ya mita 20 kila sekunde. Sekunde nne zinatosha kuvuka upande wa pili wa barabara. Ukihisi usingizi, egesha mahali salama. Kama una kahawa, inywe, kisha lala dakika 15 hadi 20. Utakapoamka kafeini ndiyo inaanza kazi, na utakuwa umepumzika kidogo kweli. Hiyo itakusogeza mpaka pa kulala, si mpaka mwisho wa safari.

Jambo la tatu ni pombe. Kuchanganya kinywaji cha kuongeza nguvu na pombe kali kunamfanya mtu asihisi kwamba amelewa. Pombe iko mwilini vile vile, mikono na macho vimelegea vile vile, ila yeye anajiona mzima. Huyo ndiye anayepanda pikipiki.

Na mirungi isichanganywe na haya. Mirungi haifanyi kazi kwa kafeini, ina kichangamshi kingine kikali, na hapa Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku.

Chai ya moto sana

Mwaka 2016 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kahawa inasababisha saratani. Lakini ilisema pia kwamba vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Tatizo ni moto unaounguza koo kila siku, kwa miaka mingi.

Saratani hiyo ipo sana Afrika Mashariki. Watafiti waliopima joto la chai wanayokunywa watu mkoani Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba kwa wastani watu wanaanza kunywa chai ikiwa juu ya nyuzi 65. Kinga yake haina gharama: iache ipoe kidogo. Kama bado unapuliza na kuvuta kwa sauti, haijafika wakati wake.

Presha, tumbo na dawa

Kafeini hupandisha presha kwa muda, hasa kwa asiyeizoea. Mwenye presha ya kupanda asinywe chai au kahawa nusu saa kabla ya kupimwa, na amuulize mhudumu wa afya kiasi kinachomfaa. Presha isiyodhibitiwa na vinywaji vya kuongeza nguvu havikai nyumba moja.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo, kahawa inaweza kumwongezea maumivu. Apunguze na aangalie mabadiliko.

Dawa ya siprofloksasini, ambayo wengi wanaiita sipro, huzuia mwili kuondoa kafeini, hivyo kikombe kimoja kinafanya kazi kama viwili au zaidi. Dawa ya pumu ya aminofilini ni ya ukoo mmoja na kafeini, na zikikutana moyo unaweza kwenda mbio. Ukipewa dawa yoyote zahanati au duka la dawa muhimu, uliza kama unaweza kuinywa na chai. Ukikosa wa kumuuliza, tumia maji.

Kuacha ghafla, na mwezi wa mfungo

Mwili uliozoea kafeini kila siku hulalamika ukiikosa. Kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, mtu anakuwa mzito na mwenye hasira, na hali hiyo inaweza kudumu siku mbili hadi tisa. Ndiyo maana siku za mwanzo za Ramadhani wengi wanaumwa kichwa mchana na kudhani ni njaa. Dawa yake ni kuanza kupunguza kikombe kimoja kimoja mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga.

Mambo ya kukumbuka

- Mtu mzima mwenye afya: chai au kahawa kwa kiasi haina tatizo. Usivuke miligramu 400 kwa siku.
- Kunywa chai saa moja au mbili baada ya chakula, si pamoja nacho.
- Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji.
- Mjamzito asivuke vikombe viwili au vitatu vya chai kwa siku.
- Mtoto chini ya mwaka mmoja: hapana chai. Watoto wote: hapana vinywaji vya kuongeza nguvu.
- Iache chai ipoe kabla ya kunywa, na punguza sukari.
- Usingizi wa dereva dawa yake ni kulala.

Kama moyo unaenda mbio bila kutulia, kifua kinauma au unaishiwa pumzi baada ya kunywa kafeini, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe mara moja, na ueleze ulichokunywa na kiasi chake.